Twin Otter, DC-3 au Mosquito, umeme au methanoli: kuchagua ndege yako ya kwanza ya rimoti yenye injini mbili

Mtu aliyekwisha kurusha ndege ndogo ya rimoti yenye injini moja kwa mwaka mmoja au miwili, akaweza kupaa, kuzunguka uwanja na kutua bila kuvunja kitu, karibu siku zote huanza kuitamani ndege ya injini mbili. Tamaa hiyo naielewa, kwa kuwa mvumo wa injini mbili zinazoelewana ukipita juu ya kichwa haufanani na sauti nyingine yoyote uwanjani. Maswali nayo huja yote kwa pamoja: atumie mota za umeme au injini za mafuta, aunde ndege ya aina gani, aanze na povu lililokwisha kuumbwa kiwandani au akate mbao mwenyewe. Nitayalinganisha hayo hapa moja baada ya jingine, lakini kipimo changu kuanzia mwanzo hadi mwisho kitakuwa kimoja, nacho ni namna ndege hiyo itakavyokuwa siku injini moja itakapozimika huku ya pili ikiendelea kuvuta.

Ndege ya injini moja ikizimika huendelea mbele ikishuka polepole, na mrushaji hushughulika na jambo moja tu, kutafuta mahali pa kuitua. Ndege ya injini mbili ikipoteza moja huanza kugeukia upande uliokufa, kwa nguvu inayotokana na mvuto wa injini iliyo hai ukizidishwa kwa umbali wake kutoka mstari wa katikati. Injini inayovuta kwa nguvu ya gramu 800 ikiwa sentimita 20 kutoka kwenye kiwiliwili inaipindisha ndege kwa kiasi fulani. Isogeze hadi sentimita 30 na kiasi hicho kinaongezeka kwa nusu nzima. Kinachopinga ni pezi la mkia pamoja na usukani wake, ambavyo nguvu yake hufuata kipeo cha pili cha mwendo wa hewa, maana yake ni kwamba mwendo ukipungua kwa nusu, mkia unabaki na robo tu ya uwezo wake. Kwa hiyo kila ndege ya injini mbili ina mwendo fulani ambao chini yake mkia hauwezi tena kuishinda injini iliyobaki katika nguvu kamili. Kwenye ndege ndogo halisi za injini mbili mwendo huo huchorwa kwa mstari mwekundu juu ya kipima mwendo, lakini wengi wetu tunaorusha kwa rimoti hatuna kipima mwendo mbele yetu, tuna macho na masikio.

Nililipa ada ya somo hili kwa DC-3, mfano wa ile ndege ya abiria ya zamani, niliyoijenga kwa miezi minane, yenye injini mbili za methanoli za sentimita za ujazo 4 kila moja. Siku hiyo nilikaa ardhini dakika kadhaa nikirekebisha injini ya kulia, kisha nikapaa. Ndege ilikuwa imefika kimo cha minazi, pua juu, injini zote katika nguvu kamili, ndipo sauti ikabadilika: ule mvumo mpana ukawa mwembamba, kama waimbaji wawili na mmoja wao amekatika pumzi katikati ya ubeti. Pua ikaanza kwenda kushoto, na mkono wangu ukafanya kile ambacho mkono uliozoea injini moja hukifanya bila kufikiri, ukasukuma eleroni, vile vibao vya nyuma ya ncha za mabawa, kulia ili kulinyanyua bawa la kushoto. Eleroni ya kushoto iliposhuka ikaongeza ukinzani upande ule ule uliokwisha kukosa mvuto, ncha ya bawa ikaishiwa unyanyuo, na ndege ikapinduka na kuingia ardhini kwa pua. Nilichopaswa kufanya kilikuwa kupunguza nguvu ya injini iliyo hai mara moja, kuinamisha pua na kuiongoza kwa usukani wa mkia hadi kwenye majani yaliyokuwa mbele. Haya yote nilikuwa nimeyasoma kabla, ila mkono ulikuwa haujayasoma.

Jioni ile nilifungua ganda la injini ya kushoto juu ya meza. Plagi ya kuwashia ilikuwa nzima na kabureta safi. Nilipochomoa kizibo cha tangi nikaubonyeza mpira wa silikoni kati ya vidole, tone moja la mafuta lilichomoza ubavuni, mahali mpira ulipovalishwa kwenye kibomba cha shaba. Palikuwa na kitundu kisichozidi ncha ya pini, kilichotobolewa na ukingo wa kibomba ambacho niliwahi kukikata bila kukisugua kwa msasa. Tangi lilipojaa kitundu kilikuwa kimezama ndani ya mafuta na injini ilifanya kazi bila kasoro; tangi lilipopungua na pua kunyanyuka, mafuta yalirudi nyuma, kitundu kikabaki hewani, na injini ikanyonya hewa badala ya mafuta. Nakieleza kwa urefu kwa sababu ndicho kinachonifanya niweke swali la chanzo cha nguvu mbele ya swali la aina ya ndege, ingawa wengi huanza na picha ya ndege waipendayo.

Umeme au methanoli

Injini ya methanoli ina haki ya kusikilizwa kwanza, maana kwa miongo mingi ndiyo iliyozirusha ndege hizi, na sifa zake ni za kweli. Unajaza tangi kwa dakika mbili na kupaa tena, siku nzima, bila kutafuta umeme wa kuchajia. Ndege inakuwa nyepesi kadiri mafuta yanavyoungua, wakati betri iliyokwisha ina uzito ule ule wa betri iliyojaa. Injini za mapigo manne zina sauti nzito inayokaribia sana ile ya injini halisi za pistoni, na zikiwa katika mwendo wa chini hazizimiki ovyo kama zile za mapigo mawili, jambo ambalo kwenye ndege ya injini mbili lina uzito mkubwa kuliko nguvu ya ziada. Mtu akiniambia kwamba ameshazoea injini hizi miaka mitano na amekwisha kujua kwa sikio tu kwamba mchanganyiko wa hewa na mafuta umepungua mafuta, sitamzuia.

Kwa anayeanza hesabu ni nyingine. Tuseme injini yako moja huzimika angani mara moja katika miruko 50. Ukiweka mbili, uwezekano kwamba mojawapo itazimika unakaribia mara moja katika miruko 25, na kila mara inapotokea madhara yake ni makubwa kuliko zamani. Wengi huzidisha hatari hiyo kwa kosa la nia njema: huwasha injini zote mbili, husikiliza tofauti ya milio, kisha huibana sindano ya kabureta, inayopima mafuta yanayoingia, ya ile iliyo nyuma ili iifikie mwenzake, na kwa kufanya hivyo huipunguzia mafuta injini ambayo tayari ilikuwa dhaifu. Njia sahihi ni kurekebisha kila injini peke yake huku nyingine imezimwa, kuifikisha kwenye mwendo wa juu kabisa kwa kipima mizunguko, kisha kufungua sindano hadi ipoteze mizunguko kama 300 hadi 500 kwa dakika, na hatimaye kuinyanyua pua ya ndege ielekee juu kwa sekunde kadhaa kuhakikisha haikauki. Baada ya hapo, tofauti ya mizunguko mia moja au mia mbili kati ya kushoto na kulia haina madhara yoyote. Usukani wa mkia utaimeza bila wewe kujua. Ukitaka kuzisawazisha, iongezee mafuta ile yenye kasi zaidi, usiibane ile ya polepole.

Kwa wasomaji walioko Afrika Mashariki kuna mambo mawili zaidi ambayo vitabu vilivyoandikwa kwingine havitilii maanani. La kwanza ni mwinuko. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni hafifu kwa asilimia kama 15 ikilinganishwa na ya Dar es Salaam au Mombasa. Injini iliyorekebishwa Nairobi ikishushwa pwani bila kuguswa sindano inapata hewa nyingi kuliko mafuta, inachemka na kuzimika, na inapenda kufanya hivyo wakati wa kupaa. Mota ya umeme haina mchanganyiko wa kuharibika, ijapokuwa propela yake nayo inavuta kidogo zaidi pwani kuliko bara. La pili ni usafirishaji. Mafuta ya methanoli yenye nitromethani hayaruhusiwi kabisa kwenye mizigo ya abiria wa ndege, ya mkononi wala ya kukabidhi, hivyo anayetegemea ndugu atokaye Dubai au London hatayapata kwa njia hiyo. Betri za lithiamu za akiba zenye nishati isiyozidi saa-wati 100 hukubaliwa kwenye mzigo wa mkononi tu, zikiwa zimefunikwa vichwa vyake zisigusane. Betri ya seli tatu ya miliampea-saa 3,300, ambayo inatosha ndege nitakazozitaja, ina saa-wati 37 hivi. Hata hivyo ulizia masharti ya shirika lako la ndege kabla ya kufunga begi.

Sasa umeme. Uzuri wake mkubwa hauko kwenye usafi, ingawa kutofuta mafuta ya nyonyo yanayotemwa na injini za methanoli kwenye mabawa kila jioni ni raha. Uzuri wake ni kwamba mota isiyo na brashi karibu haizimiki yenyewe, na zile sababu chache zinazoizima, yaani lehemu iliyopasuka, plagi iliyolegea, kidhibiti mwendo (kifaa kinachoipimia mota umeme) kilichopata joto kupita kiasi, au betri iliyochoka, zote zinaweza kukaguliwa mezani kwa utulivu kabla ya kwenda uwanjani. Kitundu changu cha ncha ya pini kingekuwa lehemu yenye rangi ya kijivu isiyong'aa, nami ningeiona.

Kanuni ya makadirio ninayoitumia ni wati 220 kwa kila kilo ya ndege. Ndege ya kilo 1.6 inahitaji kama wati 350, yaani 175 kwa kila mota. Kwa betri ya seli tatu, ambayo ni volti 11.1, hizo ni kama ampea 32 kwa jumla, 16 kila upande, na vidhibiti mwendo vya ampea 30 kila kimoja vitafanya kazi bila kuchemka. Ukiitumia betri ya miliampea-saa 3,300 kwa asilimia 80 tu ya ujazo wake, na mruko wa kawaida ukila wastani wa ampea 15, utapata dakika kumi hivi, nazo zinatosha kwa mrushaji anayetaka kutua akiwa bado ana akili iliyotulia.

Umeme una mitego yake. Kosa linaloangusha ndege nyingi za umeme zenye injini mbili ni kuipa kila mota betri yake. Inaonekana ni busara, kana kwamba moja ikifa nyingine ipo, lakini betri mbili haziishi pamoja kamwe. Moja itafika kwenye kiwango cha chini sekunde chache kabla ya mwenzake, kidhibiti chake kitaikata mota, nawe utakuwa na injini moja hai wakati unaingia kutua, pua juu na mwendo mdogo, ambao ndio wakati mbaya kuliko wote. Tumia betri moja kwa mota zote, au betri mbili zilizounganishwa sambamba zilishe vidhibiti vyote kwa pamoja. Mtego wa pili ni waya mwekundu. Vidhibiti vingi vina saketi ya ndani inayolisha risiva, inayopokea amri za rimoti, na servo, yaani vimota vinavyosogeza usukani na eleroni, na viwili vikiunganishwa pamoja vinaweza kupigana. Chomoa waya mwekundu wa kimoja kwenye plagi yake na uufunge kwa utepe, au chomoa yote miwili na uweke kilishi tofauti cha risiva. Wa tatu ni urefu wa nyaya. Kutoka kiwiliwilini hadi kwenye injini pana umbali, na ukirefusha nyaya kati ya betri na kidhibiti unakitesa kidhibiti hicho. Ni afadhali kukiweka karibu na betri na kurefusha zile nyaya tatu ziendazo kwenye mota. Mwisho, fundisha vidhibiti vyote viwili upeo wa wenzo wa nguvu kwa wakati mmoja, la sivyo mota moja itaanza kuzunguka kabla ya nyingine na ndege itajipinda ikiwa bado iko chini.

Kuna zawadi moja ya umeme ambayo injini ya methanoli haiwezi kuitoa kwa urahisi: ukibadilishana nyaya mbili kati ya zile tatu za mota, inazunguka kinyume. Propela zote zikizunguka kwa kufuata saa ukizitazama kutoka nyuma, injini ya kulia huwa na mkono mrefu zaidi wa kupindisha pua inapokuwa juu, kwa sababu panga linaloshuka, ambalo liko kulia, ndilo linalovuta zaidi. Ndiyo maana kupoteza injini ya kushoto ni kubaya kuliko kupoteza ya kulia, kama DC-3 yangu ilivyoonyesha. Ukiigeuza mota ya kulia na kuipa propela ya mkono wa pili, ili mapanga yanapopita juu yaelekee kwenye kiwiliwili, tofauti hiyo inaondoka na ndege haivuti upande wowote inapopaa.

Injini za petroli zenye cheche, za sentimita za ujazo 10 hadi 20 na kuendelea, nazitaja kwa ufupi. Mafuta yake hupatikana kituo chochote, ukiyachanganya na oili ya mapigo mawili, na hufanya kazi kwa uthabiti zikishazoea. Lakini ni nzito, zina mtetemo mkali, na zinadai ndege ya mita mbili na zaidi pamoja na gari la kuibeba. Hiyo ni ndege ya tatu au ya nne.

Ndege tatu kwa kipimo kimoja

Ili nisilinganishe nazi na embe nimezipunguza ndege tatu hadi zikaribiane upana wa mabawa. Twin Otter, iliyoundwa na de Havilland Canada na kupaa mara ya kwanza tarehe 20 Mei 1965, ina mabawa ya mita 19.8, kwa kipimo cha 1 kwa 12 inakuwa mita 1.65. DC-3, ya tarehe 17 Desemba 1935, ina karibu mita 29. Kwa 1 kwa 18 inakuwa mita 1.61. Mosquito, ndege ya kivita ya Uingereza, ya tarehe 25 Novemba 1940, ina mita 16.5, kwa 1 kwa 10 inakuwa mita 1.65. Eneo la mabawa linatoka takriban desimita za mraba 27 kwa Twin Otter, 28 kwa DC-3 na 42 kwa Mosquito. Ukizijenga kwa uangalifu, mbili za kwanza zikiwa na kilo 1.6 na Mosquito, ambayo ina mwili mnene, kilo 2.2, mzigo kwa kila desimita ya mraba unakuwa gramu 59, 57 na 52. Kwa karatasi, basi, zinalingana, na hata Mosquito inaonekana kuwa na nafuu. Anayechagua kwa namba hizo peke yake atachagua vibaya, kwa sababu tofauti iko kwenye umbo la bawa, miguu na mkia.

Bawa la Twin Otter lina upana ule ule kutoka shinani hadi nchani. Bawa la namna hiyo linapoishiwa unyanyuo huanzia karibu na kiwiliwili, kwa hiyo ndege huinamisha pua kwanza huku ncha na eleroni zikiendelea kufanya kazi. Liko juu ya kiwiliwili, na propela ziko mbali na majani na changarawe. Miguu yake haikunjwi na imefungwa kwenye kiwiliwili, si kwenye maganda ya injini, hivyo kutua kwa kishindo kunapinda waya badala ya kung'oa injini na bawa. Pezi la mkia ni refu na usukani wake mkubwa, na flapu zake ndefu, yaani vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, zinaleta mwendo wa kutua ambao mtu mwenye mikono ya kawaida anaweza kuumudu. Sifa hizi si bahati. Ndege halisi iliundwa kwa viwanja vifupi na vibovu, na ndiyo sababu hadi leo unaiona ikitua kwenye viwanja vya vumbi vya Maasai Mara. Anayeijenga hapa kwetu ana faida nyingine, kwamba anaweza kusimama kwenye uzio wa uwanja wa Wilson pale Nairobi akaitazama kwa dakika nyingi, akaona flapu zinavyoshuka na pua inavyokaa.

DC-3 ndiyo ninayoipenda zaidi ya zote, na bado ningemwambia anayeanza aisubiri. Mabawa yake hupungua upana kuelekea nchani, na kwenye ndege ndogo ncha hizo nyembamba ndizo zinazoishiwa unyanyuo mwanzo. Mjenzi mwangalifu huzipinda ncha ili ukingo wa nyuma uwe juu kwa nyuzi 2 au 3, na hilo husaidia sana, lakini haliondoi tabia. Inakaa juu ya gurudumu la mkia, hivyo inapoanza kukimbia pua hutaka kwenda pembeni na mrushaji lazima awe tayari na usukani kabla ya kuiona ikienda. Miguu imo ndani ya maganda ya injini, na kutua kubaya kunaharibu vyote viwili. Ikishakuwa angani, hata hivyo, ni ndege tulivu na yenye heshima, inayopita uwanjani polepole. Shirika la East African Airways lilizirusha DC-3 na Twin Otter zote mbili, na wazee wanaozikumbuka rangi zake bado wapo. Kuijenga kwa rangi hizo ni kazi yenye maana kwetu. Ifanye iwe ndege ya pili.

Mosquito ina mvuto wa pekee kwa mjenzi wa mbao, kwani ndege halisi yenyewe ilijengwa kwa mbao: kiwiliwili chake kilikuwa balsa iliyobanwa katikati ya matabaka ya plaiwudi ya mti wa bachi (birch), na zaidi ya 7,700 ziliundwa. Kushika mkononi balsa ya Ekuador na kuunda nayo ndege iliyokuwa ya balsa tangu asili ni furaha ambayo ndege nyingine hazitoi. Lakini injini zake ni kubwa kwa mwili wake, ncha za mabawa zimechongoka, propela zake zote zilizunguka upande mmoja, na marubani wa ndege halisi walijulishwa kwamba huvuta kushoto wakati wa kupaa, wakawa wanatanguliza nguvu ya injini ya kushoto. Ndege ndogo hurithi mengi ya hayo. Inahitaji mwendo, na mtu anayeipunguza mwendo ili aione vizuri wakati wa kutua ndiye anayeipoteza.

Kuna njia ya pembeni inayofaa kutajwa kwa anayetaka injini mbili bila hatari niliyoieleza: Cessna Skymaster, yenye injini moja puani na nyingine nyuma ya kiwiliwili katikati ya mihimili miwili ya mkia. Zote zinavuta na kusukuma kwenye mstari wa katikati, na moja ikizimika ndege haipindi. Kasoro yake ni kwamba haikufundishi chochote kuhusu zile nyingine.

Povu au balsa

Hapa sina maneno mengi. Ndege ya povu la kiwandani huwa angani ndani ya siku mbili, huvumilia kuanguka, na hurekebishwa kwa gundi jioni ile ile. Kasoro yake ni kwamba nyaya na vidhibiti vimefichwa ndani, na mwenye ndege mara nyingi hajui nini kimeunganishwa na nini. Balsa inakuchukua miezi, lakini kila lehemu umeipiga mwenyewe na kila waya unajua unapopita. Kama huna subira ya miezi, nunua ya povu, kisha ifungue kabla ya mruko wa kwanza, ukague kila plagi na ule waya mwekundu. Anayeweza kupata karatasi za povu za wachoraji na waya wa spoki za baiskeli anaweza pia kuijenga Twin Otter kwa gharama ndogo, maana bawa lake lililonyooka na mwili wake wa kisanduku havidai ufundi wa kupinda.

Uamuzi wangu, basi, kwa mtu anayeingia kwenye injini mbili mara ya kwanza, ni Twin Otter ya umeme yenye mabawa ya mita 1.2 hadi 1.65, betri moja, propela zinazozunguka kinyume, na kila mota kwenye chaneli yake ya rimoti badala ya kuunganishwa kwa waya wa matawi mawili. Kabla hujanunua chochote, uliza masharti ya kibali kwa mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA ukiwa Tanzania au KCAA ukiwa Kenya, kwa sababu vyombo vinavyorushwa kwa rimoti viko chini ya mamlaka hizo. Aliyezoea methanoli miaka mingi na ana mahali pa kupata mafuta aendelee nayo, lakini achague mapigo manne na bawa lililonyooka. DC-3 ifuate baada ya miruko 50 ya Twin Otter, na Mosquito baada ya hapo.

Sababu ya kusisitiza chaneli mbili ni zoezi moja ambalo umeme peke yake unaliruhusu. Kwenye rimoti, ipe swichi moja kazi ya kuinyamazisha mota ya kushoto, na nyingine ya kulia. Siku yenye upepo mdogo, ipandishe ndege hadi kimo cha mita 80 hivi, iruke kwa nusu ya nguvu ikielekea upepo, kisha mwombe mwenzako aliyesimama kando yako abonyeze swichi mojawapo bila kukuambia ni ipi wala lini. Utaisikia sauti ikiwa nyembamba. Punguza nguvu, inamisha pua, tuma usukani wa mkia upande ulio hai, ongeza nguvu taratibu uone mkia unaweza kubeba kiasi gani, kisha geuka kwa duara pana kuelekea upande wa injini iliyo hai. Mwenzako akirudisha swichi, ndege inanyooka. Rudieni mara kumi, betri baada ya betri, hadi kidole kirudishe wenzo wa nguvu chini kabla hujamaliza kujiuliza ni injini ipi.